Mwimbaji Aliyembeba Dada Yangu

Dada yangu Sijaona alikufa alfajiri ya Jumatano, na kitu cha kwanza nilichowaza hakikuwa sanda wala kumwita shekhe. Niliwaza: leo Adrien atatoka.

Naiandika aibu hiyo hapa mwanzoni, nisije nikaificha huko mbele.

Adrien tulikuwa naye ndani siku kumi na nane. Alilala chumba cha nyuma, kati ya ukuta na magunia ya unga ambao Sijaona alipikia maandazi. Ukiishi Bujumbura miaka ile huhitaji kuelezwa Adrien ni nani. Kwa wengine nasema tu kwamba alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa Radi, vijana watano waliopiga rock, magitaa ya kulia na kukwaruza, wakati bendi nyingine zote zilikuwa zinaiga rumba ya ng'ambo. Wasichana wa Kiriri walishuka na magari ya baba zao kuja kucheza kwenye vumbi letu la Bwiza. Mimi nilikuwa fundi wao wa ampli. Kazi ya waya niliianza Kalemie, nikaiendeleza Kigoma, nikaunguza redio za watu Bukavu, na nilipofukuzwa huko nikarudi kwa dada yangu na kisanduku cha bisibisi. Nilimwambia nitakaa mwezi mmoja. Kukaa mahali sikuwahi kukuweza.

Oktoba ya tisini na tatu nchi ikapasuka, na Radi nayo ikapasuka. Mpiga drum akahama mtaa usiku mmoja bila kuaga. Waliobaki wakakubali kupiga kwenye sherehe ya vijana fulani, vijana wenye gerenadi mifukoni. Tulikuwa kwenye mazoezi. Adrien akachomoa waya wa gitaa lake, akanipa mimi, akasema, "Mi nimetoka." Basi.

Tangu hapo aliimba peke yake. Gitaa moja, ampli moja ndogo ya kutumia betri ya gari, na mimi nyuma nikiisukuma juu ya baiskeli. Leo uani kwa mtu upande huu, kesho nyuma ya kanisa upande ule. Alikuwa na wimbo mmoja mrefu usio na maneno ila majina: vijana waliouawa, mmoja baada ya mwingine, bila kusema nani ni wa wapi. Watu walimletea majina kwenye vikaratasi. Wimbo ulianza na majina kumi na moja. Kufika Februari ya tisini na tano ulikuwa na zaidi ya mia mbili, na ulichukua saa nzima. Kaseti zake zilinakiliwa na kunakiliwa mpaka sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Akaenda redioni akawaomba vijana waweke silaha chini, akaitaja mitaa yao kwa majina. Pande zote mbili zikamchukia, na sijui kama kuna jambo jingine walilokubaliana mwaka ule.

Mwezi wa tatu Bwiza ikawaka moto. Nyumba zikachomwa, watu wakakimbia na magodoro kichwani. Ikazungushwa karatasi yenye majina sita ya watu wa kuuawa, la Adrien likiwa la pili. Siku hiyohiyo aliruka ukuta wetu na gitaa mgongoni. Sijaona alikuwa anakanda unga. Akamtazama, akaniambia mimi, "Mupe viatu vya Khaled, hivo vyake vinapiga kelele." Khaled ni mwanawe, yuko Kigoma mwaka wa saba sasa.

Dada alikuwa na ugonjwa wa presha. Dawa yake ilipatikana kwenye famasi moja tu, mjini Rohero, na siku zile kila mara ilitangazwa "ville morte": vijana wanafunga barabara kwa magogo na mawe, hakuna teksi, hakuna duka, anayetembea anajitafutia. Nilijaribu kwenda mara mbili. Mara ya pili jiwe lilinipata mgongoni. Jumanne jioni alisema kichwa kinamgonga. Alfajiri hakusema kitu.

Houda, binti yake, alikuwa ameshafunga kidevu cha mama yake kwa kitambaa niliposema nililokuwa nalo moyoni. Nilisema hivi: sisi Waislamu tunambeba maiti wetu mabegani kwa miguu, na hata vijana wa bariyeri huliachia jeneza lipite. Adrien atavaa kanzu ya Khaled, atabeba pamoja na sisi. Makaburi yetu yako upande wa njia ya Gatumba, iendayo mpakani. Murhula, yule dereva wa Uvira anayetuletea unga wa muhogo, anarudi kwao leo. Nitamtumia habari amngoje hapo barabarani.

Houda akanigeukia. "Mujomba, unataka mama yangu akuwe laissez-passer, karatasi ya kupitishia mutu?"

"Sina njia ingine."

"Na wakimujua? Watapiga risasi na mama akiwa juu?"

Adrien alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Acheni," akasema. "Nitatoka siku ingine."

"We nyamaza," Houda akamwambia huku machozi yanamtoka. "Umekula maandazi yake siku kumi na nane. Utamubeba."

Nikamnyoa. Nywele zake zilijulikana mji mzima, ndefu, za kusokota. Nilizinyoa kwa wembe mkavu, nikazichoma jikoni, zikanuka vibaya mno. Ndevu zilikuwa zimeota zenyewe. Nikamvalisha kanzu na kofia. Kanzu ilimfika juu ya vifundo vya miguu. Gitaa tulililaza chini ya kitanda, likabaki. Nikamfundisha: kaa katikati, shika mti wa jeneza, tazama chini, wenzako wakisema la ilaha illallah nawe cheza midomo. Usitoe sauti. Sauti yake aliijua hata mtoto anayenyonya.

Nilimfundisha yote hayo, nikasahau moja. Kitu unachokifanya tangu utoto hukumbuki kwamba kuna mtu wa kufundishwa.

Tulitoka baada ya sala ya adhuhuri, wanaume kumi na watatu tu pamoja na shekhe. Siku nyingine Sijaona angezikwa na mtaa mzima, ila siku hiyo watu walisalia nyuma ya milango yao. Jua kali, barabara tupu, mbwa mmoja. Jeneza letu linakwenda haraka, karibu mbio, na desturi ni kupokezana: unatoa bega hatua chache, anakuja mwenzako nyuma yako, unamwachia, unakwenda mbele au unatoka pembeni. Kila mtu apate thawabu yake. Mtu akikutana na jeneza njiani, hata kama hamjui maiti, naye hutoa bega.

Adrien hakuachia. Hilo ndilo nililolisahau. Aliushika mti wa jeneza kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi, na kila mzee aliyekuja kumpokea alimkuta amekaza shingo, anatembea tu. Nikamnong'oneza, "Achia." Hakunisikia, au alisikia akaogopa kwamba bila jeneza begani atakuwa uchi. Nyuma yangu mzee mmoja, fundi cherehani, akaanza kunung'unika.

"Huyu ni nani? Tangu mulangoni hapishi mutu. Thawabu zote anataka yeye?"

"Shii, mzee wangu."

"Shii nini? Na mi namupenda Sijaona!"

Tukakata kona, na bariyeri ikawa mbele yetu.

Magogo mawili, mlango wa friji, tairi. Vijana sita. Mmoja alikuwa na bunduki, wengine mapanga, na wote mifuko yao ya jaketi ilining'inia kwa uzito ambao sote tuliujua.

"Simameni! Nani huyo?"

"Mama Sijaona," nikasema. "Wa maandazi."

Kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya tairi akasimama. Nilimjua. Seifu, wa nyumba ya nne kutoka kwetu, Mwislamu mwenzetu, aliyekua akicheza mpira uani kwetu na Khaled. Siku zile watu walishusha sauti wakimtaja.

"Unasema kweli, muzee Massoudi? Mama Sijaona?"

"Alfajiri."

"Inna lillahi." Akavua kapelo yake. Akasimama hivyo, halafu akawaambia wenzake watoe gogo. Wakatoa. Nikasema moyoni, tumepita.

"Nipeni bega," akasema Seifu.

Angeweza kwenda upande wowote. Alikuja upande wa Adrien. Akaweka mkono juu ya mti, nyuma ya mkono wake, akangoja. Adrien hakusogea.

"Nipishe, ndugu."

Adrien akakaza vidole kwenye mti.

"Huyu anabeba kama friji yake mwenyewe," akasema yule mwenye bunduki, na wenzake wakacheka.

Mzee fundi cherehani, Mungu amrehemu, hakuona hatari yoyote. "Mwambieni nyinyi! Sisi ametushinda. Hapishi mutu!"

Seifu hakucheka. Akainama kidogo amtazame chini ya kofia. "We ni nani?"

Mimi shule nilisoma vipande vipande na uongo niliusoma wote, lakini ule ulitoka wenyewe kabla sijauchagua. "Ni mutoto wake," nikasema. "Muache amubebe mama yake. Ni Khaled."

Wazee kumi waliokuwa pale walimjua Khaled tangu anatambaa. Wote wakatazama chini, hata fundi cherehani. Nilisikia kanzu zikipigwa na upepo.

"Khaled?" akasema Seifu.

"Amefika jana na boti ya Kigoma."

"Khaled, hata hunisalimie?"

"Sauti imekauka. Amelia tangu alfajiri."

"Mwanaume mukubwa hivi?" akauliza mwenye bunduki.

"Mama ni mama," nikasema.

Seifu alimtazama Adrien kutoka juu ya kofia mpaka chini, kule ambako kanzu ilikuwa fupi. Halafu akaingiza bega lake chini ya mti, nyuma yake hasa, akasema, "Haya, twendeni. Nitakusindikiza, Khaled." Na tukaenda. Ni mwendo wa saa nzima kasoro kidogo. Njia yote Seifu hakupisha mtu, na Adrien hakupisha mtu, kichogo cha mmoja kwenye uso wa mwingine, na mimi pembeni nikihesabu hatua na kuanza upya kila nilipopotea.

Makaburini walikuwa wameshachimba. Shekhe akasema, "Mutoto ashuke. Na nani mwingine?" Nikaanza kukunja kanzu yangu. Seifu akanizuia kwa mkono kifuani.

"We muzee una magoti mabaya. Tutashuka mi na Khaled."

Akavua jaketi. Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa leso, akakiweka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole juu yake kimoja kimoja. Kilikuwa cha baridi, na kizito kama jiwe la kusagia pilipili.

"Shika hivo tu," akaniambia taratibu. "Usivute kitu. Usianguke."

Hivyo nilimzika dada yangu nikiwa nimeshika gerenadi. Wenzangu wakasogea mbali nami kidogo kidogo, hakuna aliyetaka kuonekana anasogea, mpaka nikabaki peke yangu upande wa kichwa. Kutoka hapo niliona vizuri. Tulimshusha Sijaona mikononi mwao. Adrien alimpokea vizuri. Alimpokea kama mtu anayepokea aliyelala. Shekhe akawaambia wafungue vifundo vya sanda. Adrien akavifungua, na hapo ndipo tulipokwisha. Vidole vyake vilikwenda upesi mno, kama vinavyokwenda kwenye nyuzi. Ncha za vidole vya kushoto zilikuwa ngumu, nyeusi, na ukucha wa gumba la kulia ulikuwa mrefu. Seifu akaviona. Mikono yake ikasimama hewani.

Niliangalia kitu mkononi mwangu. Niliwaza kitu kibaya, na sitakiandika.

Halafu Seifu akaendelea na kazi. Adrien hakujua kumlaza kwa kuelekea Kibla. Seifu akamshika mkono, akauweka chini ya bega la dada yangu, wakamgeuza pamoja, akamwegemeza kwa udongo. Wakapanga mbao. Wakapanda juu. Watu wakatupa udongo haraka haraka, wakamwagia maji kutoka kwenye bidoni, lile dumu la plastiki, shekhe akasoma dua fupi kuliko zote nilizowahi kusikia, na wazee wakaanza kuondoka bila kugeuka nyuma.

"Khaled atabaki kidogo," nikasema kwa sauti kubwa. "Mutoto anabaki kumuombea mama."

"Na mi nabaki," akasema Seifu.

Tukawa watatu. Shekhe alinitazama mara moja, akanishika bega, akaenda.

"Muzee, nirudishie kitu changu."

Nilitaka kumpa, wallahi nilitaka, lakini vidole vilikataa kufunguka. Nilivitazama kama vya mtu mwingine. Seifu akaja, akaanza kuvibandua, cha mwisho kwanza, kichwa chake karibu na changu.

"Polepole. Polepole, muzee. Apana hapo, hapo ndio inakufa mutu." Akaichukua, akairudisha ndani ya jaketi. Kisha akamgeukia Adrien. "Khaled ananifika hapa," akasema, akagusa kidevu chake. "Mutu hakui mufupi mupaka miaka therathini, halafu anarefuka kwenye boti."

Adrien akavua kofia. Kwa ile kanzu na kichwa kile kilichokwanguliwa, alionekana mgonjwa.

"Ulijua kwenye bariyeri kwamba si Khaled," nikasema.

"Nilijua."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa namubeba Mama Sijaona. Wale wangepiga palepale, angeanguka chini." Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Mama yangu alipolazwa hospitali, huyu mama alinilisha mwaka muzima. Kwa hiyo kwanza azikwe." Akatazama kaburi. "Sasa ameshazikwa."

Nimesikia risasi nyingi maishani mwangu, Kalemie, Bukavu, hapa. Hakuna iliyonitisha kama maneno hayo mawili.

"Mawazo, mudogo wangu," Seifu akamwambia Adrien. "Mutoto wa mama yangu. Umemuimba kwenye wimbo wako. Mbele yake kuna nani? Nyuma yake kuna nani? Wale waliomuua! Kila nikipita kwenye duka la kaseti namusikia mudogo wangu katikati ya wale. Nani alikupa jina lake? Mi sikukupa."

"Mama yako," akasema Adrien. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa tangu nyumbani, na sauti ilitoka ileile, ya redioni.

"Unadanganya."

"Alikuja kule nyuma ya soko na kikaratasi. Hajui kuandika, aliandikiwa na mutu. Akasimama mupaka nikaliandika kwenye daftari. Nikamuuliza nimuweke wapi. Akasema popote, muradi asikae peke yake."

Seifu akasogea karibu naye. "Mutoe."

"Kaseti ziko kila mahali. Siwezi."

"Basi sema hutaimba tena. Sema hapa, mbele ya Mama Sijaona. Sema, na mi nitarudi kwangu."

Sema, nilimwambia Adrien kwa macho. Sema, mpumbavu we, neno halina uzito, ukifika Uvira utasema lingine! Nilikuwa tayari kumsemea. Nilifungua hata mdomo.

"Siwezi kusema hivo," akasema Adrien. Alikuwa anaogopa kama mimi, labda kunishinda. "Nimeacha bendi yangu kwa ajili ya hiyo. Nikikuambia naacha, nitakuwa nakudanganya. Na tumebeba pamoja."

Seifu aliingiza mkono ndani ya jaketi. Nikafunga macho. Nilipofungua alikuwa ameutoa mtupu, anautazama, na mwingine pia, jinsi ilivyojaa udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko.

"Huu ni udongo wa huyu mama," akasema. "Kazi yetu haifanywi na udongo wa maiti mukononi. Nitanawa. Nikishanawa nitawaambia wenzangu nimemuona nani, na amepita wapi, na nani alimupitisha. Nitasema yote. Mi si muongo kama we, muzee."

Macho yangu yakaenda kwenye bidoni. Ilikuwa pale miguuni, na maji yalikuwa yamebaki, karibu robo. Seifu aliona nilikotazama. Sijui nilipata wapi nguvu. Niliinyanyua nikaimwaga yote juu ya kaburi, mpaka tone la mwisho, nikaikung'uta.

Seifu akanitazama na mdomo umepinda upande mmoja. "Na ziwa utalimwaga pia?"

Akavaa kapelo, akaondoka kwa njia tuliyojia, hapepesuki, hageuki.

Tulikimbia. Magoti yangu yalisahau ubaya wake. Tulikata kwenye mashamba ya mpunga, kanzu zikalowa, Adrien akaanguka mara mbili. Niliwaza kitu kimoja tu: kuna bomba wapi? Kuna mfereji wapi kati ya makaburi na bariyeri? Mvua ilikuwa imenyesha juzi, madimbwi yalikuwa kila mahali.

Murhula alikuwa amefungua boneti, anajifanya gari limemshinda. Alipotuona akaifunga. Nyuma kulikuwa na makreti ya chupa tupu, yamepangwa kwa shimo katikati. Adrien akaingia humo kama panya.

"Na we panda, muzee!" akasema Murhula. "Unangoja nini? Nimeona uso wako, huko nyuma hakuna kuzuri."

Niliweka mguu juu ya tairi. Maisha yangu yote nimeondoka. Kila mji nilioishi niliuacha hivyohivyo, mguu juu ya tairi la gari la mtu, na sikuwahi kujuta kabla ya kona ya tatu. Lakini Houda alikuwa peke yake na mkeka wa matanga, na watu watakuja kutoa pole, na mwanaume wa kuwapokea ni mimi. Nikateremka. Murhula akanitukana kwa Kishi, lugha ya mama yake, akaondoka.

Nilirudi kwa njia ya nyuma, ya mtaa wa viwanda, nikikwepa bariyeri. Nilitembea saa moja na nusu nikiwa sisikii miguu. Kila kelele ilikuwa wao. Nilipofika kwenye lango letu, mlangoni kulikuwa na beseni na jagi, kama kawaida yetu, ili waliotoka mazikoni wanawe mikono kabla ya kuingia. Na mbele ya beseni alikuwa amechuchumaa Seifu. Houda alikuwa anammwagia maji.

Naye hakupita bariyeri. Alizunguka kwa mbali kuliko mimi, na udongo ule mikononi, akaja kunawa hapa.

"Muzee Massoudi," akasema bila kuinua kichwa. "Umechelewa."

Alinawa taratibu, vidole, viganja, viwiko, mpaka maji yakatoka meupe. Houda hakujua kitu, alimmwagia tu. Alipomaliza akajipangusa kwenye suruali, akasimama. "Asante, Houda. Mungu amupokee." Akanipita mlangoni, jaketi lake likanigusa mkono kwa upande ule mzito, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya bariyeri. Baada ya muda mfupi nikasikia sauti yake huko, anapiga kelele, anataja jina la Adrien, na miguu ikaanza kukimbia kuelekea njia ya Gatumba.

Nikahesabu. Murhula angefika mpakani kwa nusu saa, lakini mpakani gari huweza kuwekwa saa mbili, tatu. Hesabu haikukubali.

Saa moja usiku walirudi, wakaja kwetu. Walivunja ampli ndogo, wakachana magunia, wakapata gitaa wakalikanyaga. Mimi walinipiga kwa waya wa ampli wenyewe, nikapoteza meno mawili. Seifu alisimama mlangoni. Hakuingia. Alisema mara moja tu, "Mukeka wa matanga musiguse," na hawakuugusa. Sikujua kama walimpata. Sikuthubutu kuuliza, na wao hawakusema, na nilikaa usiku huo na siku mbili zilizofuata nikisikiliza kila gari la mizigo linalopita.

Jumamosi ilikuwa hitima. Watu walikuja zaidi kidogo, ishirini labda. Houda alipika pilau. Tulikuwa tumemaliza kusoma, sahani zimeshawekwa, Murhula akaingia na gunia la unga begani, akaliweka chini, akakaa karibu nami, akanikaribia sikioni.

"Walituweka saa mbili pale. Askari akapanda nyuma, akakaa juu ya makreti, juu yake kabisa! Akawasha redio yake. Unajua walipiga nini? Radi, ule wimbo wa zamani. Askari ananiambia, huyu kijana alikuwa muzuri akiwa na wenzake, alipotoka peke yake akaharibika na politiki. Na yeye yuko chini pale anasikia!" Murhula akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Nimemushusha Uvira. Akashuka, akatapika kwenye mutaro, akaniuliza kama kuna mutu mwenye gitaa la kuazimisha..."

Nilimkanyaga mguu. Seifu alikuwa amevua viatu mlangoni. Alipita kati ya watu, wakampisha bila kumtazama, akakaa kwenye sahani yetu, upande wa pili wa Murhula. Hakuwa na jaketi. Murhula, ambaye hakumjua, akamsogezea nafasi, akamwambia karibu ndugu.

Seifu akakunja mkono wa shati. Akatazama pilau.

"Alivuka?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sijui. Nilifikiria kusema sijui. Ulimi wangu uligusa pale ambapo meno hayapo.

"Alivuka," nikasema.

Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa saa. "Asirudi," akasema. "Mwambieni asirudi." Kisha akasema bismillahi, akatia mkono kwenye sahani, na sisi tukatia yetu, tukala.